Kiini Kipya cha King'ora cha Ngerelap

1 Desemba

Worek mume wangu, umesema niandike siku zote kwa sababu simu inakula salio na hatumalizi maneno. Haya, naandika. Niliishia darasa la sita, kwa hiyo ukirudi kutoka kuchuma matufaha huko Nyuzilandi usinicheke mwandiko.

Mwanetu Emlin ana meno sita. Kila kuku anayepita anamwita baba.

Msimu wa vimbunga umeanza. Usiku nikisikia bahari ikigonga mawe naamka na kumshika mtoto mguu. Msimu uliopita bahari ilipoingia ulikuwapo, unajua. Kengele ya kanisa ilipigwa kule juu na sisi huku chini hatukusikia kitu. Nilimbeba Emlin ndani ya beseni la nguo, maji yakiwa kifuani. Bibi Rovea hakufika juu, wala mjukuu wake.

4 Desemba

Ndege imemleta fundi kutoka mji mkuu, Vila, kijana mnene mcheshi, jina lake Kalsong. Ameleta mashine kubwa mpya, yaani kompyuta, ya shuleni kule juu, ile ya zamani imeshakufa kwa chumvi.

Naandika alivyoeleza nisije nikasahau. Mashine ndogo iliyoko chini kwenye zahanati ya Ngerelap, ile inayolia king'ora cha kimbunga, haina diski. Iliwahi kuwekewa tatu na zote zikaoza. Kwa hiyo ikiwaka, faili zake zote inazitoa kwenye mashine kubwa ya shuleni, kupitia vile visahani viwili vya antena vinavyotazamana. Yenyewe ina kadi ndogo tu, kama ukucha, na ndani ya kadi kuna kiini. Kiini ndicho kinachoamka kwanza, halafu kinakwenda kuamsha mengine. Sasa mashine kubwa mpya inazungumza kwa namna mpya, na kiini cha zamani hakiijui. Kikibisha hodi kinafukuzwa. Lazima kitengenezwe kiini kingine.

Baba mkwe alikaa mbele ya kioo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtu wa redio miaka yote na kamati ya maafa ya kijiji imempa kazi hii. Mimi nilikaa chini mlangoni na Emlin, maana kwa desturi siwezi kupita nyuma ya mgongo wake, wala kusimama juu ya kichwa chake, wala kumwambia wewe, ila nyinyi. Kalsong aliipitia orodha ndefu kwenye kioo akionyesha, nami nilinakili mistari aliyokazania:

Mteja wa NFS (ndiko kutumia faili zilizo kwenye mashine nyingine): nyota.
Toleo la tatu: nyota.
Toleo la nne: nyota.
Mzizi wa faili kupitia NFS: nyota.

Alikuwa hajaanza kukipika kiini chenyewe, rubani akapiga simu kwamba mvua inakuja, anaondoka sasa hivi.

"Nitarudi wiki ijayo, baba," Kalsong akasema.

"Nenda, mwanangu. Nimeona yote."

7 Desemba

Mvua.

8 Desemba

Mvua. Uwanja wa ndege umekuwa ziwa, bata wa Edgar, Mwenyekiti wa kijiji, wanaogelea pale ndege inapogeukia. Fundi haji.

12 Desemba

Leo tumeanza bila fundi. Macho ya baba mkwe yameingia ukungu, haoni herufi ndogo, kwa hiyo kamati imesema mimi nisome na nibonyeze. Nakaa sakafuni kando yake, kibao cha herufi mapajani, naye anatazama ukuta. Emlin nimemwacha chini kwa mama mkwe. Sipendi kumwacha chini.

Kila mstari una machaguo matatu. Ukiweka nyota, kitu kinaingia ndani ya kiini. Ukiweka M, kinakuwa kipande cha pembeni kinachokaa kwenye faili, na kiini kinakiita kikikihitaji. Ukiacha wazi, hakipo kabisa. Baba mkwe anapenda M.

"Kiini kizito hakiingii kwenye kadi," alisema. "Mtu mwenye akili anasafiri mwepesi. Soma."

"Mteja wa NFS, baba."

"M."

Nikabonyeza M.

"Sasa tafuta mzizi wa faili."

Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena. "Mstari huo haupo, baba. Nyinyi mnasemaje?"

"Wameuondoa. Hawa watu kila toleo jipya wanaondoa kitu. Endelea."

Kupika kiini kunataka saa tisa za umeme, na umeme wetu ni jua. Wingu likija, tunasimamisha.

15 Desemba

Kiini kimeiva. Siku tatu kwa sababu ya mawingu. Tuliteremka zahanati, muuguzi, Sista Merian, akatufungulia, baba mkwe akaweka kadi kwa mikono yake mwenyewe kwenye mashine iliyo juu ya dirisha. Mashine ikawaka. Maandishi yakakimbia, kisha yakasimama. Nikamsomea: haiwezi kuupata mzizi, kiini kimeingiwa na hofu, kinasimama.

"Kimeingiwa na nini?" Sista akauliza.

"Hofu. Ndivyo inavyoandika."

"Basi tuko wawili," akasema, akarudi kumchoma mtoto sindano.

Sikujua kwamba mashine nazo zina neno hilo. Sijapata usingizi.

16 Desemba

Nimefungua kurasa za tarehe nne. Kalsong aliweka nyota kwa mteja wa NFS. Mimi niliweka M. Mkono wangu ndio uliobonyeza.

19 Desemba

Nimefikiria siku tatu nikipalilia viazi vikuu, na leo nadhani nimeelewa. Kile kipande cha M kinakaa kwenye faili. Faili ziko shuleni. Ili kuzifikia, kiini kinahitaji kile kipande. Ni sawa na mtu aliyeacha mtumbwi wake ng'ambo, halafu amesimama huku akitaka kuvuka aufuate. Hatavuka mpaka kiama. Na nadhani ule mstari wa mzizi haukuondolewa. Unajificha mpaka mteja apewe nyota.

Lakini nani atamwambia? Siwezi kumsahihisha baba wa mume wangu. Jina lake tu sijawahi kulitamka tangu niolewe. Ningekuwa na wewe hapa, Worek, ungesema wewe.

20 Desemba

Nimemwomba mama mkwe anipelekee neno. Nilimfundisha njiani mara nne: mwambie aweke nyota, si M. Nilikuwa nje ya jiko nakuna nazi, nikasikia kila kitu.

"Baba Worek, ile mashine yako inataka nyota."

"Nyota gani?"

"Nyota, nyota! Ya angani nitaijuaje mimi? Umeweka em, weka nyota."

"Nani amekuambia habari za em? Wewe redio unaiwasha kwa kuipiga kofi!"

"Na inawaka. Ya kwako mbona haiwaki?"

Kisha kikombe chake cha kava, kile kinywaji cha mizizi, kikawekwa chini kwa nguvu. Mama mkwe akatoka, akaniambia, "Mwanangu, mume wangu ana kichwa kama shelisheli bichi. Ukikipika haraka kinakupasukia."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu.

25 Desemba

Krismasi. Tumeponda nalot, yaani shelisheli kwa tui, Emlin amekula mpaka kitovu kimetoka. Ulipopiga simu alikubusu kwenye kioo. Nilikuambia yote ni mazuri.

29 Desemba

Redio imetangaza kimbunga, tahadhari ya buluu, ile ya kwanza kabla ya manjano na nyekundu. Ramani ya miraba iko ukutani mwa zahanati na nyingine shuleni, Sista anaweka alama kila redio ikitaja herufi na namba. Watu wote wa Ngerelap tulipanda juu na mikeka na kuku.

31 Desemba

Kimegeuka kuelekea Fiji. Tumeshuka.

6 Januari

Kiini cha pili. Baba mkwe amebadilisha mstari wa kadi ya mtandao. Nilipofika kwa mteja wa NFS nilisoma polepole, nikangoja, nikasoma tena.

"Nimesikia mara ya kwanza. M."

Nikabonyeza. Hii ni mara ya pili mkono wangu unafanya hivyo, na safari hii unajua.

7 Januari

Hakuna jua.

8 Januari

Hakuna jua.

9 Januari

Hakuna jua. Emlin ana homa kidogo.

13 Januari

Homa imepoa. Kiini cha pili kimeingiwa na hofu kama cha kwanza, maneno yaleyale. Baba mkwe alikaa mbele ya ile mashine muda mrefu, mikono magotini. Nilidhani atagomba. Hakugomba. Alisema tu, kwa ukuta, "Miaka thelathini meli zilinisikia."

Nilikuwa nimemkasirikia. Nimeshindwa kuendelea kumkasirikia, na hilo limenitia woga zaidi, kwa sababu hasira ingenisaidia kusema.

18 Januari

Buluu tena. Safari hii nusu ya watu hawakupanda. Mwenyekiti Edgar alipita nyumba kwa nyumba.

"Redio ilisema hivyohivyo Krismasi," mzee mmoja akamjibu. "Goti langu si la serikali."

"King'ora kikilia je?"

"Kikilia nitapanda. King'ora kiko hapa, kinaona ninachokiona. Redio iko Vila, inakunywa chai."

Kimbunga kilipita mbali. Sasa hata hiyo nusu iliyopanda inachekwa.

22 Januari

Mvua.

27 Januari

Kiini cha tatu. Baba mkwe alitoa vitu vingi kukifanya chepesi zaidi. M ilibaki. Hofu ileile.

Mvua imekula ukingo wa kijito kati ya shule na Ngerelap. Nikiwa juu kazini na kijito kikijaa, sina njia fupi ya kumfikia Emlin. Wao wana ile njia ndefu ya mgongo wa kilima ya kupandia, lakini wasipoanza mapema nayo inateleza. Nikibonyeza herufi nasikiliza maji. Nikilala nasikiliza maji.

3 Februari

Nimesema.

Naandika vizuri ili ujue ilivyokuwa, maana utaisikia kwa wengine na wataongeza chumvi. Asubuhi redio ilisema kuna upepo unajikusanya kaskazini, juu ya visiwa vya Solomoni. Jua lilikuwa zuri, na redio ikasema litakuwepo siku mbili, tatu. Baba mkwe akaniambia tuanze kiini cha nne. Nikasoma. Nikafika.

"Mteja wa NFS."

"M."

Sikubonyeza. Mikono ilikuwa imelala juu ya kibao kama si yangu.

"Umebonyeza?"

"Hapana, baba."

"Kuna nini?"

"Baba, nisameheni nyinyi. Mkiweka M hakitaamka. Hata mkikipika mara mia. Kipande kitakuwa shuleni na kiini kitakuwa Ngerelap, na hakina cha kukifikisha huko. Fundi aliweka nyota. Nimeandika, ninayo hapa."

Hakugeuka. Nilimwona shingo tu. Nikaendelea, kwa sababu nikinyamaza pale nisingesema tena maisha yangu yote. "Mtoto wa mwanenu analala hatua ishirini kutoka baharini. Na mimi ndiye ninayebonyeza. Sitabonyeza M tena."

Akasimama. Mimi nikainama mpaka chini ili nisiwe juu yake. Akatoka, viatu vyake nikavisikia kwenye kokoto, kisha sikuvisikia.

Nikabaki na jua dirishani, likipungua bure. Worek, niliogopa kuliko siku ile ya maji. Siku ya maji nilijua pa kukimbilia.

Nikaweka nyota. Papo hapo, chini yake, ule mstari ukatokea: mzizi wa faili kupitia NFS. Nikalia. Nikauwekea nyota. Toleo la tatu, nyota. La nne, nyota. Nikaanza kukipika bila ruhusa ya mtu.

4 Februari

Nimempelekea mama mkwe mkeka mwekundu niliousuka kwa ajili yako, ili ampe baba kuondoa aibu. Desturi ni desturi.

"Ameupokea?" nikamuuliza.

"Ameukalia."

"Amesema nini?"

"Amesema umesukwa kwa kubana. Hiyo ndiyo sifa yake, mwanangu, usingoje nyingine."

Kijiji kizima kinajua. Kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa wawili hawakunisalimia.

5 Februari

Jua. Mchana mama mkwe akaja na neno: "Baba yako anauliza, kikiiva nani atamsomea?"

6 Februari

Kiini kimeingia kwenye kadi, kimebakiza nafasi kama unene wa uzi. Tuliteremka wawili, yeye mbele, mimi hatua kumi nyuma. Akaweka kadi. Maandishi yakakimbia. Yakafika pale yanaposimama siku zote. Yakapita.

"Soma," akasema.

"Kimepata mzizi, baba. Kinaamsha mengine."

Aligusa kifuniko cha mashine kwa kiganja. Tulirudi shuleni, akabonyeza mwenyewe kitufe cha majaribio, na king'ora cha Ngerelap kikalia mara moja, kifupi. Nilisikia watoto huko chini wakipiga kelele kwa furaha.

9 Februari

Upepo wa kaskazini umepewa jina. Sitaliandika.

14 Februari

Siku nne sikuandika.

Tarehe kumi na moja asubuhi ilikuwa buluu na watu wakaenda mashambani kama kawaida. Mwenyekiti hakupita nyumba hata moja, alisema amechoka kujibiwa habari za magoti. Mimi na baba mkwe tulipanda shuleni kukausha mashine, Emlin nikamwacha chini kwa mama mkwe. Kwa nini nilimwacha? Nilijiambia nitarudi saa nne.

Saa nne ilikuwa manjano na kijito kimejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikwenda mpaka pale penye jiwe la kufulia. Jiwe halikuonekana. Nikarudi shuleni mbio, maana bila macho yangu baba mkwe asingeiona ramani.

Simu ilikatika saa tano. Redio ikataja herufi na namba, nikaweka kidole kwenye ramani, na mraba ule ulikuwa sisi.

"Nyekundu, baba."

Akabonyeza. Tukasikiliza.

Hakuna kitu. Upepo tu na bati la darasa la pili likipiga. Nilimtazama usoni, Worek, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayetafuta meli redioni. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Nami nikaanza kuona kila mstari niliobonyeza, nikautafuta ule niliokosea.

"Kipo," akasema.

"Sisikii, baba."

"Nyamaza. Kipo chini ya upepo."

Nikanyamaza. Na kweli, upepo ulipovuta pumzi, nikakisikia, kirefu, hakikatiki.

Nilisimama kwenye mlango unaotazama njia ya mgongo wa kilima nikahesabu waliofika. Wa kwanza alikuwa yule mzee wa goti, anachechemea anatukana. Kisha watoto wa Edgar. Kisha Sista Merian na sanduku la chanjo kichwani. Kisha watu, watu, na mama mkwe hayumo. Nilifika thelathini na tano. Nilifika arobaini. Nikaanza kushuka, mtu akanishika kanga, nikampiga, sijui nilimpiga nani. Hapo ndipo nilipomsikia mama mkwe akifoka ndani ya mvua: "Shika njia, mama Emlin, usituzibie! Mtoto wako mzito kama nguruwe!"

Alikuwa wa arobaini na tatu, na Emlin wa arobaini na nne. Ndio wote wa Ngerelap.

Mchana upepo ulichukua paneli za jua za shule na mashine kubwa ikazimika. Tulikuwa tumebanana ndani ya ghala la shule lenye kuta za saruji, Emlin kifuani mwangu, na king'ora bado kinalia huko chini. Edgar akasema, "Tumeshafika wote. Kizimeni basi."

"Hakizimiki," baba mkwe akajibu. "Amri ya kunyamaza iko kwenye faili, na faili ziko kwenye mashine iliyozimika. Ile ndogo ina betri yake, imeomba haijajibiwa. Itaomba tena. Ndivyo kiini chake kilivyo, kikishika mzizi hakiuachi, kinangoja." Kisha akasema, mbele ya watu wote, bila kupitia kwa mtu, "Muulizeni mama Emlin. Yeye ndiye aliyekiweka."

Tulikisikiliza karibu saa moja nzima. Watoto waliziba masikio, halafu wakazoea. Mimi sikuzoea. Kila kilipofunikwa na upepo nilisubiri kitoke tena, na kilitoka.

Kisha kikakoroma, kikashuka sauti, kikakoma. Upepo ukavuta pumzi na hakikutoka. Mama mkwe akanishika mkono, na baba mkwe akavua kofia. Sote tulijua kimo cha lile dirisha la zahanati lenye mashine: maji yamelifikia, na nyumba zetu ziko chini yake.

Emlin alikuwa amelala. Niliweka sikio langu mgongoni mwake nikamsikiliza anavyopumua.